Kuwahukumu Askari Walioharibiwa

Katika mchezo wa kompyuta Dragon Age: Inquisition, uliotoka mwaka 2014, mchezaji huteka ngome ya Adamant na kuwakuta Grey Wardens, askari wa kiapo waliolaghaiwa kwa hofu ya kifo hata wakawachinja wenzao ili kuunda jeshi la mashetani. Ni juu yake kuwafukuza au kuwabakiza. Mwanafunzi wangu aliponionyesha, niliwafukuza, tena upesi mno.

Upesi huo ulinikumbusha Dominic Ongwen. Alitekwa na Lord's Resistance Army akiwa na miaka tisa hivi, njiani kwenda shule, kaskazini mwa Uganda. Akakulia msituni, akawa kamanda wa brigedi. Sheria ya msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwafungulia mlango wengi wa aina yake. Yeye alijisalimisha Januari 2015, akapelekwa The Hague. Mwaka 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, mojawapo likiwa kuwaingiza watoto vitani, yaani lile lile alilotendewa yeye. Utetezi wa shuruti na ugonjwa wa akili ulikataliwa, lakini utoto wake ulioporwa ulizingatiwa: miaka 25, si kifungo cha maisha.

Naona majaji walitenda haki. Ila mchezoni hakuna Lukodi, kambi iliyoshambuliwa Mei 2004, wala wenyeji wake wa kuulizwa. Mwaka 2024 mahakama iliamuru fidia ya yuro milioni 52 hivi. Ongwen hana kitu. Fedha zitafutwe kwa wafadhili.