Nakala Rudufu, Chelezo na Kumbukumbu za Mahakama ya Arusha

Mfasiri wa nyaraka za kompyuta hukutana mara kwa mara na dhana ya nakala inayowekwa pembeni ili asili ikipotea kazi iweze kurejeshwa. Wengi huiita "nakala rudufu". Wapo wanaopendelea "chelezo". Tofauti hii si ya ladha tu, maana mtumishi hutenda kama alivyoagizwa, naye huagizwa kwa neno.

"Rudufu" imetoka ofisini. Walimu wa umri fulani wanakikumbuka kirudufu, mashine ya stensili iliyotoa nakala nyingi za waraka mmoja, na wino wake usiotoka vidoleni. Lakini nakala zile zilitolewa ili zigawanywe. Nakala ya kompyuta tunayoizungumzia hutolewa ili itunzwe, na mara nyingi ili isionwe.

Kompyuta yenyewe si ngeni Serikalini. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Mjadala wa istilahi uliofuata ulishughulika mno na jina la chombo, kama kiitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta, kuliko na usalama wa kilichomo ndani yake.

Uzito wa jambo hili waonekana Arusha. Kwa Azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda; Februari 1995 Arusha ikateuliwa kuwa makao yake. Mashauri yalisikilizwa katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, si mbali na Sekei, katika majengo yaliyokuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Watu 93 walishtakiwa. Mahakama ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015, iliacha karatasi, kanda za sauti na picha, na majalada ya kompyuta, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda. Chombo kilichorithi kazi zake kilizindua majengo mapya huko Lakilaki tarehe 25 Novemba 2016, yakiwa na ghala maalumu la kumbukumbu hizo.

Hebu mfasiri ayatafakari mashaka ya mtunzaji wake. Kanda ya sumaku huchakaa hata isipoguswa, kwa hiyo hapana budi yaliyomo yahamishiwe kwenye kompyuta na kunakiliwa zaidi ya mara moja, mahali zaidi ya pamoja. Lakini humo yamo majina ya mashahidi waliolindwa, waliotajwa barazani kwa herufi tu. Kila nakala inayoongezwa hupunguza hatari ya kupotea na huongeza mlango wa siri kuvuja. Programu ya kazi hii yapaswa kuifumba nakala kwa ufunguo. Na ufunguo ukipotea, nakala ni sawa na hakuna. Isitoshe, nakala yaweza kuharibika kimyakimya. Huhakikiwa kwa kulinganisha tarakimu inayokokotolewa kutokana na jalada la asili na ile ya nakala, kisha kwa kuirejesha kweli na kuisoma.

"Chelezo" ina uzuri wake: kwa mabaharia ni kitu kieleacho, kama boya lionyeshalo palipozama nanga. Ila mkazi wa Sekei, aliyezoea mifereji itokayo Meru, hatalipata neno hilo bila mwalimu, na hata baharini boya haliwi nanga ya pili.

Kwa maoni yangu "nakala rudufu" na ibaki, mradi miongozo ya ofisi isiitumie kwa nakala yoyote ile. Iliyonakiliwa tu iitwe "nakala". Jina "nakala rudufu" lingojee hadi urejeshaji ujaribiwe, na tarehe ya jaribio hilo iandikwe kwenye daftari kando ya jina la aliyelifanya.