Ulandanishi wa Mapigo: Kazi ya Kitufe na Kazi ya DJ

Mashine nyingi za DJ siku hizi zina kitufe kilichoandikwa SYNC. Ukikibonyeza, wimbo unaofuata hubadili kasi yake papo hapo na kwenda sambamba na ule unaosikika ukumbini. Wapo ma-DJ wanaosema kitufe hicho kimeua ufundi. Ubishi huu hauishi kwa sababu vitendo vitatu tofauti vimetupwa kwenye kapu moja, kwa hiyo tuvitenganishe kwanza.

Kasi ya wimbo hupimwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Tuseme wimbo unaopigwa una mapigo 120 na unaosubiri una 124. DJ huupunguza kasi huo wa pili kwa takriban asilimia 3.2, akiusikiliza kwenye hedifoni, kisha huuachia pale ambapo pigo lake la kwanza linaangukia juu ya pigo la kwanza la mwenzake. Kitendo hicho ndicho ulandanishi wa mapigo. Hakisamehe makosa madogo: nyimbo mbili zikipishana kwa pigo moja tu kwa dakika, baada ya nusu dakika ngoma ya mmoja inaangukia katikati ya mapigo ya mwingine, na wachezaji wanapotea hatua.

Kwa nini tuseme ulandanishi? Kwenye simu zetu kazi ya aina hii huitwa kusawazisha. Neno hilo linafaa kwa orodha ya namba za simu, lakini mbele ya miksa lina kazi nyingine tayari, maana DJ husawazisha sauti: hupunguza besi hapa, huongeza sauti nyembamba pale. Kutohoa neno la Kiingereza nako kunatupeleka kwenye sinki la kuoshea vyombo. Kitenzi landa maana yake ni kufanana au kuwa sawa. Kulandanisha ni kuvifanya vitu viwili viafikiane. Mashine ikifanya kazi hiyo, tuuite ulandanishi otomatiki.

Uchanganyaji otomatiki ni jambo jingine. Hapo programu hupokea orodha ya nyimbo, hupanga upi ufuate, huamua lini uingie, na huziunga yenyewe. DJ anaweza kuondoka na muziki ukaendelea. Kumtuhumu aliyebonyeza kitufe cha ulandanishi kana kwamba amefanya hivi ni kumwonea.

Ufundi wa mkono una historia ya kuheshimiwa. Karibu mwaka 1970, Francis Grasso alikuwa akilandanisha santuri kwa masikio katika klabu ya Sanctuary, New York, bila skrini yoyote. Mwaka 1979 Technics ilitoa SL-1200MK2 yenye kitelezi cha kupandisha au kushusha kasi hadi asilimia 8, na kitelezi hicho kikawa shule ya vizazi vya ma-DJ. Mwaka 2012 Pioneer iliweka kitufe cha ulandanishi kwenye pleya ya CDJ-2000NXS, na hoja ikahamia kwenye kumbi kubwa.

Sasa tuone mashine inapokwama. Programu huusoma wimbo na kuuchorea gridi ya mapigo, yaani mistari iliyoachana kwa nafasi sawa. Muziki uliotengenezwa kwa kompyuta unatii gridi hiyo. Lakini weka rekodi ya Mlimani Park Orchestra ya miaka ya 1980: bendi nzima inapiga kwa pamoja, kasi imeshikwa na mpiga dramu, na gitaa zinapochangamka naye anapanda nazo. Mistari inaanza kuachana na ngoma. Skrini bado inaonyesha kila kitu kiko sawa, huku spika zikitoa vurugu. Muziki wa singeli, ambao mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, nao huweza kusomwa kwa nusu ya kasi yake. Hapo anayeokoa jahazi ni DJ mwenye masikio yaliyofundishwa, anayesukuma wimbo kwa kidole mpaka urudi mahali pake.

Kwa hiyo kitufe hakipunguzi ufundi wa aliyekwisha kuupata. Kinampa nafasi ya kuutazama ukumbi, kuchagua wimbo unaowafaa watu wa saa hiyo, na kuuingiza bila kukanyaga kiitikio cha uliotangulia. Huko ndiko kuchanganya kwenyewe, na hadhira humkumbuka DJ kwa hayo. Anayepata hasara ni yule asiyewahi kujifunza kulandanisha kwa masikio, kwa sababu hawezi hata kujua kwamba mashine imekosea.

Kijana unayeanza, zima kitufe hicho unapofanya mazoezi nyumbani. Funika namba za kasi, vaa hedifoni, uziunge nyimbo kwa kusikia mpaka mkono uzoee. Ukishaweza, kiwashe bila aibu yoyote.