Sauti ya Nani? Neno "Mnyonge" katika Albamu ya Remmy Ongala ya 1989

Albamu ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila iliyotolewa na Real World mwaka 1989 ilipewa jina la Kiingereza, Songs for the Poor Man, ilhali mtunzi alikuwa mkazi wa Sinza, Kinondoni, na nyimbo zake zimeimbwa kwa Kiswahili. Wimbo unaokaribiana zaidi na jina hilo ni "Sauti ya Mnyonge". Kukaribiana huko, hata hivyo, kunaficha tofauti kubwa.

Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, mwaka 1947, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Wakati huo studio kuu ya bendi za dansi ilikuwa ya Redio Tanzania, Barabara ya Pugu. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza na wahusika, kisha bendi ikarekodi. Wasikilizaji walizipata nyimbo hizo redioni na katika kaseti zilizonakiliwa vibandani. "Mnyonge Hana Haki", uliotoka Uingereza mwaka 1988 katika albamu ya Nalilia Mwana, ulitungwa kwa ajili ya watu hao.

Watu hao hawakuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Walikwisha kulisikia katika siasa, kwani Azimio la Arusha la 1967 liliutaja unyonge kuwa ndio uliosababisha Waafrika waonewe na kunyonywa. Walikuwa nalo pia katika methali: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali inakubali kwamba mnyonge atanyongwa, ila inamwekea akiba ya haki. Jina la wimbo wa Ongala linaifuta akiba hiyo. Ukali wake wote umo hapo, na asiyeijua methali atasikia malalamiko tu.

Masikini ni asiye na mali. Mnyonge ni asiye na nguvu ya kujitetea. Muuza duka wa Temeke mwenye fedha mfukoni anaweza kuwa mnyonge mbele ya karani mwenye mhuri. Jina la Kiingereza limechukua upungufu wa mali likaacha upungufu wa nguvu, yaani limeondoa upande wa pili wa uhusiano: yule anayeonea.

Badiliko la pili ni dogo kwa umbo, lakini pengine ndilo zito zaidi. Katika "Sauti ya Mnyonge", kihusishi "ya" kinamfanya mnyonge kuwa mwenye sauti. Katika jina la Kiingereza nyimbo zinaimbwa kwa ajili yake, naye amegeuka mpokeaji. Kwa soko la Ulaya, ambako wanunuzi wengi hawakuyaelewa maneno, jina la jaladani lilikuwa fasiri iliyowafikia. Huko Sinza, kituo cha daladala kiliitwa "kwa Remmy", na waliopanda na kushuka hapo walikuwa wakimsikiliza bila mkalimani.