Dawa ya Malaria: Kwa Nini Daktari Haandiki Tena Ile ya Zamani

Leo tunarudi nyuma kidogo. Mama akitoka hospitalini na cheti chake mkononi hunung'unika: "Mimi niliandikiwa klorokwini nikapona. Mbona mtoto wangu anaandikiwa nyingine?" Swali hilo linastahili jibu.

Klorokwini ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1934, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaenea kote, hata hapa kwetu. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Wengi tunaukumbuka uchungu wake, na kule kuwashwa mwili mzima usiku kucha, hata wengine wakatupa tembe za siku ya pili na ya tatu. Mtoto akiwa na joto, daktari aliandika klorokwini. Nyumbani nako ilinunuliwa dukani pamoja na sukari na chumvi.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, viini vya malaria vilivyoizoea dawa hiyo vilikuwa vimeonekana Kenya. Hata hivyo ilichukua karibu miaka 20 kuiacha. Muda huo ulikuwa mrefu mno, na walioumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto alipewa dawa, joto likashuka, kisha baada ya wiki mbili akarudishwa amepauka, damu imepungua. Mama akalaumiwa kwamba hakumpa dawa vizuri. Kumbe alimpa.

Mwaka wa 1998 ikaja SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Kina mama waliipenda kwa kuwa ni dozi moja tu, ingawa joto lilichelewa kushuka. Nayo haikudumu. Mwaka wa 2004 serikali iliamua kuibadilisha, na mwaka wa 2006 dawa ya mseto, yaani AL, ikaanza kutolewa katika vituo vya afya vya umma.

Mseto huu una dawa mbili. Artemetha hutokana na mmea ambao Wachina waliutumia kutibu homa tangu zamani; mwanasayansi Tu Youyou, aliyeongoza kazi ya kuipata dawa ndani yake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Artemetha huua viini upesi, kisha lumefantrini hubaki kwenye damu siku kadhaa ikimaliza vilivyosalia. Ndiyo maana dozi hii inataka subira. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa tembe 1 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla tembe 6. Ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, anayenyonya, mnyonyeshe. Akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo, kisha uende kituoni uongezewe tembe.

Badiliko jingine lilikuja mwaka wa 2010: damu ipimwe kwanza. Zamani kila homa iliitwa malaria, na mtoto mwenye nimonia aliweza kupewa dawa isiyomfaa huku kifua kikizidi. Mama anayeambiwa hakuna malaria huona amenyimwa dawa. La, hajanyimwa. Aulize: basi joto hili linatoka wapi?

Na mama mjamzito wa Pwani au wa kando ya Ziwa akipewa SP kliniki, asidhani anapewa mabaki. Kwake ni ya kukinga, si ya kutibu.

Mtoto akishikwa na degedege, akikataa kunyonya au akitapika kila kitu, usingoje dozi iishe. Na akiwa bado ana joto baada ya siku 3, rudi naye, ukibeba ile paketi tupu. Daktari ataitazama kabla hajaandika nyingine.