Kahawa ya Viungo na Uonjaji wa Nyumbani: Kutoka Mwambao wa Kale hadi Chamazi

Historia ya kahawa nchini Tanzania imeandikwa kwa sehemu kubwa kutoka upande wa shamba na bandari, yaani kwa kumfuata mkulima wa Kilimanjaro au Bukoba, chama chake cha ushirika, mnada wa Moshi na meli zilizobeba magunia kwenda Ulaya, na kwa sababu hiyo msomaji anaweza kumaliza vitabu kadhaa bila kukutana na mtu anayeinywa. Pengo hilo si dogo, kwa kuwa watu wa mwambao, ambao ardhi yao ya chini yenye mchanga na joto haikuwa ardhi ya mibuni ya arabika, wameinywa kahawa kwa vizazi vingi, wakajijengea namna yao ya kuikaanga, kuichanganya na viungo na kuionja, na elimu hiyo wakaihamisha kutoka nyumba za mawe za miji ya zamani hadi nyumba za matofali ya saruji za pembezoni mwa Dar es Salaam. Chamazi, kata ya Manispaa ya Temeke inayofikiwa kwa barabara itokayo Mbagala Rangi Tatu kuelekea Mbande, ni mahali panapofaa kuitazamia elimu hiyo, kwa sababu mapokeo ya pwani na yale ya bara yamekutana hapo katika ua mmoja.

Mbuni wa arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, lakini kinywaji chenyewe kilipata umbo lake Yemeni katika karne ya 15, ambako masufi, yaani Waislamu wa tarika wanaofuata njia ya ibada ya ndani, walikinywa ili wakeshe katika dhikiri za usiku. Kutoka huko kilienea haraka kiasi cha kuwatia wasiwasi watawala, na mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, alikipiga marufuku, ingawa amri hiyo haikudumu. Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walikuwa na njia fupi ya kukipata: majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na kurudi na kusi yalibeba buni, yaani punje za kahawa ambazo hazijakaangwa, pamoja na tende, mazulia na vyombo vya shaba. Biashara hiyohiyo ya bahari ilileta iliki, mdalasini na tangawizi kutoka pwani ya Malabar na sehemu nyingine za India. Kwa hiyo katika mwambao huu kahawa ilizoeleka ikiwa na wenzake, na wazo kwamba viungo ni nyongeza ya kisasa inayokiharibu kinywaji safi haliwezi kusimama mbele ya ushahidi wa biashara ya bahari.

Uhusiano huo ulikazwa zaidi katika karne ya 19, Seyyid Said, mtawala wa Omani, alipohamishia makao ya utawala wake kutoka Maskati kwenda Unguja. Waomani walikuwa na kahawa yao, iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi na harufu kali ya iliki, ambayo mgeni hupewa pamoja na tende au halua. Waswahili waliipokea adabu hiyo ya kukirimu, lakini ladha wakaigeuza: waliikaanga kahawa hadi ikaribie weusi, wakaipika ikawa nzito na chungu, na mahali pengi tangawizi ikachukua nafasi ya mbele iliyokuwa ya iliki. Badiliko hilo ni tendo la uchaguzi, na linastahili kuhesabiwa katika historia kama uamuzi wa walaji waliojua wanachotaka.

Upande wa magharibi wa nchi kulikuwa na kahawa ya viungo ya aina nyingine kabisa, ambayo haikuhitaji majahazi wala birika. Katika Buhaya na Karagwe, karibu na Ziwa Viktoria, kulimea mbuni wa robusta, ambao ni wa asili ya Afrika ya Kati na Magharibi na hustahimili joto kuliko arabika. Wahaya walizichuma buni kabla hazijaiva sana, wakazichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyanyembe mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake kuhusu nchi za maziwa mwaka 1860, aliitaja kahawa hiyo ya kutafunwa ya Karagwe. Buni hizo, ambazo Wahaya huziita akamwani, zilikuwa za mgeni kwanza. Zilitumika pia katika kufunga undugu wa damu, ambapo marafiki wawili waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaipaka yake damu na kumpa mwenziwe aimeze. Haki ya kupanda mibuni ilikuwa chini ya wafalme wa Kihaya, na utawala wa Wajerumani ndio uliouvunja udhibiti huo ili kahawa iwe zao la biashara. Inafaa kusisitiza kwamba katika tamaduni hizi mbili, ya jahazi na ya ziwa, zilizokua mbalimbali, kahawa ilionjwa kwanza kama ishara ya mapokezi, na harufu ya kiungo au jani ilikuwa sehemu ya heshima anayopewa mgeni.

Ukoloni ulileta kipimo cha tatu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walileta mbegu za arabika kutoka kisiwa cha Réunion, na misheni ya Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro, ikawa miongoni mwa mahali zao hilo lilipotia mizizi miaka ya 1890. Wachaga walilipokea kwa bidii iliyowatisha walowezi, wakaunda chama chao cha wapandaji mwaka 1925, na mwaka 1933 kikarithiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Moshi ukawa mji wa kukoboa, kupanga madaraja na kuuza, na ndani ya mji huo ikakua kazi ya mwonjaji wa kahawa, mtaalamu ambaye ulimi wake huamua bei ya shehena nzima. Kazi yake ina kanuni kali: gramu 8.25 za kahawa iliyokaangwa kidogo na kusagwa kwa chenga humiminiwa mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi, husubiriwa kwa dakika 4, tabaka linaloelea juu huvunjwa kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, kisha kahawa huvutwa mdomoni kwa nguvu ili itawanyike, na hutemwa. Mwonjaji anatafuta uchachu safi, uzito wa kinywaji na utamu wake, na anawinda kasoro kama harufu ya ukungu, ya udongo au ya tunda lililochacha kupita kiasi. Kwake kiungo chochote ni kizuizi, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo ananunua punje tupu.

Kanuni hiyo imetukuzwa, na kwa haki, lakini imesababisha uonjaji wa nyumbani uonekane kana kwamba si elimu. Tofauti iliyopo kati yao ni ya lengo. Mwonjaji wa Moshi huipima kahawa ili iondoke nchini, na kahawa bora ya madaraja ya juu kwa kawaida iliondoka kweli. Iliyobaki kwa mnywaji wa ndani mara nyingi ilikuwa ya madaraja ya chini, au robusta ya Kagera, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu mzito zaidi. Mama wa nyumba ya pwani, aliyepewa punje za namna hiyo, alitakiwa kuzifanya zifae kwa mgeni, na viungo vilikuwa vyombo vyake vya kazi. Ukaangaji wa kuzidi hufunika kasoro nyingi za punje, tangawizi huupa uchungu mahali pa kuishia, kwa kuwa ukali wake huhisiwa kooni baada ya ulimi kumaliza kazi yake, na iliki hutangulia kwa pua kabla kikombe hakijagusa mdomo. Kukiita kitendo hicho ufichaji ni kutokielewa, maana anayeinywa kahawa hiyo anajua kilichomo na ndicho alichokitaka.

Dar es Salaam, mji ambao Sultani Majid alianza kuujenga miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, uliyagawa mambo haya kwa ramani ya nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Temeke ina baraza mbele, ukumbi mrefu wenye vyumba pande mbili katikati, na ua nyuma. Barazani ndiko wanaume walikokaa kunywa kahawa, kucheza bao na kuzungumza habari za mji. Uani ndiko kahawa ilikokaangwa, kutwangwa na kuonjwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi na wanawake. Kati ya baraza moja na nyingine alipita muuza kahawa, akiwa na birika kubwa lililokalia jiko dogo la mkaa, ndoo ya kusuuzia, kashata za nazi au za karanga, na vikombe vidogo visivyo na mkono ambavyo alivigonganisha ili sauti yake ifike kabla yake. Muuza kahawa ameandikwa na kupigwa picha mara nyingi. Mwanamke wa uani hakupata nafasi hiyo, na kwa hiyo vipimo vyake vya viungo, ambavyo ndivyo moyo wa jambo hili, vilipita kwa mdomo na kwa mkono tu, kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Kazi yenyewe ina hatua zinazodai umakini. Buni huchaguliwa kwenye ungo ili kuondoa mawe na punje zilizooza, kisha hutiwa katika kikaango au sufuria nzito juu ya moto wa wastani na kukorogwa kwa mwiko bila kupumzika, kwa sababu punje zikiachwa huungua upande mmoja na kubaki mbichi ndani. Zikianza kulia, yaani kutoa mlio wa kupasuka, rangi hubadilika kwa haraka, na mpishi hutegemea harufu kuliko macho: moshi ukianza kuwa mkali, sufuria huepuliwa na punje humwagwa kwenye ungo zipoe, la sivyo joto lililomo ndani yake huendelea kuzikaanga. Kinu na mchi hufuata, kisha chekecheo. Tangawizi kavu hutwangwa na kuchemshwa pamoja na kahawa, maana ukali wake huhimili moto na kwa kweli huzidi inapokaushwa. Iliki huvunjwa na kutiwa mwishoni, kwa kuwa mafuta yenye harufu yake huruka upesi na mvuke. Mdalasini huingia kama kijiti, karafuu kwa uchache mno, na pilipili manga kwa wale wanaoizoea. Birika huachwa kidogo ili mashapo yatulie chini, na hapo kikombe cha kwanza huonjwa na mpishi mwenyewe, bila sukari, kwa kuwa sukari inamzuia kujua kama tangawizi imezidi au kahawa imeungua. Mkubwa wa nyumba akionja na kusema tangawizi imekuwa nyingi, dawa si maji ila kuongeza kahawa, na somo hilo hujifunzwa kwa kuharibu birika chache.

Chamazi iliingia katika historia hii ikiwa nchi ya Wazaramo, ya minazi, mikorosho na mihogo, mbali na mji. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 356,000 katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 5.3, na ongezeko hilo liliisukuma mipaka ya makazi kufuata Barabara ya Kilwa na matawi yake hadi mashamba yakageuka viwanja. Wengi wanaifahamu Chamazi kwa uwanja wa mpira wa Azam Complex, lakini kwa historia ya kahawa lililo kubwa ni mchanganyiko wa wakazi wake. Familia zilizotoka Kariakoo au Temeke zikitafuta nafasi ya kujenga zilikuja na ladha ya tangawizi. Majirani kutoka Rufiji na Kilwa walikuwa na mapokeo ya pwani ya kusini. Mhaya hupokea mzigo wa kahawa ya nyumbani kutoka Kagera, na Mchaga huleta arabika ya kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Viungo navyo siku hizi havihitaji kuvuka bahari: iliki hutoka Usambara Mashariki, tangawizi hutoka Mamba Miamba wilayani Same, karafuu hutoka Pemba. Kwa hiyo katika futari za Ramadhani, maulidi na misiba, ambapo kahawa hupikwa kwa masufuria makubwa, mjadala wa wapishi kuhusu kiasi cha arabika na robusta, na kiungo gani kitangulie, ni uonjaji halisi wa michanganyiko, ukifanywa na watu ambao ndimi zao zilifunzwa mahali tofauti.

Kahawa ya unga inayoyeyuka, iliyotengenezwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba tangu miaka ya 1960, ilirahisisha mambo na kwa kiasi fulani ikayadhoofisha, kwa sababu ilimwondolea mpishi ukaangaji, ambao ndiyo hatua yenye maamuzi mengi zaidi. Hata hivyo nyumba nyingi ziliipokea kwa namna yao, zikaichemshia tangawizi na mdalasini kama zilivyofanya kwa kahawa ya kinu.

Jambo jipya zaidi ni wajasiriamali wadogo, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, wanaokaanga na kusaga kahawa yenye viungo nyumbani na kuifunga katika pakiti za kuuzwa madukani. Hapo elimu ya uani inakutana na sheria. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa iliyofungashwa inatakiwa kuonyesha viambato vyake kwenye lebo. Mpishi aliyezoea kupima tangawizi kwa ganja la mkono na iliki kwa kuhesabu maganda analazimika kununua mizani, kuonja mchanganyiko uleule mara kadhaa kwa uzito unaotofautiana, na kuandika uwiano ambao bibi yake hakuwahi kuuandika, ili pakiti ya mwezi huu isipishane ladha na ya mwezi ujao.