Nyumba ya Magogo: Historia ya Kitu na Uteuzi wa Istilahi

Mfasiri wa vitabu vya historia ya Marekani hakosi kukutana na nyumba ndogo ya walowezi iliyojengwa kwa magogo. Wako wanaoiita "nyumba ya miti". Jina hilo halifai, na sababu yake imo katika historia ya nyumba yenyewe.

Kwetu, nyumba ya miti ni ile ambayo nguzo zake zimechimbiwa ardhini, zikafungwa fito, kisha ukuta ukakandikwa udongo. Nyumba ya walowezi tunayoizungumzia haina nguzo wala fito. Magogo hulazwa moja juu ya jingine, na ncha zake hutiwa mikato kwa shoka ili yakamatane pembeni. Mianya huzibwa kwa vibanzi na udongo. Ukuta huo wa magogo ndio ubebao paa.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Waingereza waliofika Jamestown mwaka 1607 na Plymouth mwaka 1620 waliishi katika nyumba za namna hiyo. Mwaka 1939 kilitolewa kitabu cha Harold Shurtleff kilichoonyesha kuwa imani hiyo haina msingi. Waingereza hawakuwa na desturi hiyo kwao. Huko Jamestown walisimamisha nguzo na kukandika udongo. Huko Plymouth walipigilia mbao juu ya kiunzi. Ujenzi wa magogo uliletwa na Waswidi na Wafini waliolowea kando ya mto Delaware kuanzia mwaka 1638. Wajerumani waliofuata nao walikuwa na ujuzi wao.

Siasa iliikuza imani hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1840, William Henry Harrison alinadiwa kuwa ni mtu wa nyumba ya magogo, ingawa alizaliwa katika jumba la kitajiri huko Virginia, akashinda. Abraham Lincoln alizaliwa kweli katika nyumba ya magogo, Kentucky, mwaka 1809. Lakini ile iliyohifadhiwa ndani ya jengo la ukumbusho wake karibu na Hodgenville siyo: uchunguzi wa pete za miti uliofanywa mwaka 2004 ulionyesha kuwa magogo yake ni ya miaka ya 1840.

Kutokana na hayo, twapendekeza "nyumba ya magogo" iwe istilahi ya jumla. "Kibanda cha magogo" kitumike pale tu matini inapotaja makao ya muda, yaliyojengwa upesi kwa magogo ya mviringo yasiyochongwa bapa. Kwa nyumba za mwanzo za Jamestown, "nyumba ya fito na udongo" ndiyo sahihi, na mwanafunzi wetu ataielewa bila maelezo.

Wasomaji wenye hoja tofauti wanaombwa waziwasilishe kabla istilahi hizi hazijaingia katika vitabu vya shule.