Hesabu ya Safari ya Miguu: Nguo, Shanga na Posho kutoka Bagamoyo hadi Nyangwe, 1857–1877

Mnamo Januari 1871, Henry Morton Stanley alifika Unguja akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na ruhusa ya kutumia fedha nyingi, lakini hakujua fedha hizo zigeuzwe kuwa kitu gani. Vitabu vya wasafiri waliomtangulia alikuwa amevisoma. Alikuta humo habari za milima, mito na watawala, ila hakukuta, kama alivyolalamika mwenyewe, jibu la maswali ambayo mtu anayekusudia kutembea miezi mingi hana budi kuyajibu kabla ya kuondoka: aende na watu wangapi, wale nini, chakula chao kinunuliwe kwa kitu gani, na akiba iwe kiasi gani. Lalamiko hilo si la haki kabisa kwa Richard Burton, ambaye kitabu chake cha 1860 kina maelezo marefu juu ya bidhaa za biashara ya bara. Hata hivyo ni kweli kwamba kuijua bidhaa si sawa na kuipangia matumizi.

Jibu lilitoka kwa mfanyabiashara Mwarabu wa Unguja, Sheikh Hashid, aliyekuwa mzoefu wa misafara. Kwa watu mia moja, alisema, doti kumi kwa siku zatosha kwa chakula. Doti moja ni shuka mbili, na shuka ni mikono minne, yaani yadi mbili. Kwa hiyo doti kumi ni yadi arobaini. Kwa mwaka mmoja Stanley aliandikiwa doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi, kama vile barsati, sohari na nyinginezo. Msomaji akijumlisha atapata doti 3,650, yaani kumi mara siku 365, bila kuzidi wala kupungua. Kwa miaka miwili hesabu ilizidishwa mara mbili, ikafikia doti 7,300. Kila mtu, basi, alikadiriwa chini ya mkono mmoja wa nguo kwa siku.

Usahihi huo wafaa kutazamwa kwa makini, kwa maana ndio unaoonyesha kwamba mbele ya wageni kulikuwako elimu kamili ya bajeti ya safari, isiyoandikwa vitabuni, iliyojengwa na Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu kwa miaka mingi ya kwenda na kurudi. Kiini cha elimu hiyo kilikuwa posho. Mpagazi alihesabiwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, na nguo aliyopewa ilikuwa thamani ya kibaba hicho sokoni. Neno lenyewe lilivuka Ziwa Tanganyika. Lilikuja kutumika katika kambi za wafanyakazi za Union Minière du Haut-Katanga, ambako posho ilikuwa chakula kilichopimwa na kugawiwa. Na katika Lingala poso ni juma, yaani kipindi kati ya mgawo mmoja na mwingine. Hivyo hesabu ya msafara ilibaki katika kalenda hata baada ya msafara kusahauliwa.

Kati ya nguo zote, merikani ndiyo iliyokuwa msingi. Ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa kwanza na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, baada ya mkataba wa Marekani na Sultani wa mwaka 1833. Vita vya ndani vya Marekani vya 1861–1865 viliipunguza, na nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi, lakini jina halikubadilika.

Nguo peke yake haikutosha. Kwa ununuzi mdogo mdogo zilitakiwa shanga, na hapa ndipo hesabu ilipokuwa ngumu kweli. Shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo, na kwingineko zikakataliwa. Shanga kubwa zilizoitwa sungomaji zilithaminiwa Ujiji na Uguha, ng’ambo ya ziwa, na si penginepo. Nyeupe zilipokewa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini zikadharauliwa Uzigua na Ukonongo. Msafiri alilazimika kukadiria siku atakazokaa katika kila nchi, azidishe kwa idadi ya watu, ndipo anunue aina ya nchi hiyo kwa kiasi hicho. Akikawia kwa ugonjwa au mvua, shanga za nchi ile huisha. Akipita upesi, hubaki na mzigo ambao mbele hauna thamani. Stanley aeleza kwamba Burton na Speke walilazimika kutupa mamia ya fundo za shanga. Yeye alinunua magunia ishirini na mawili ya aina mbalimbali. Kwa nchi zilizo magharibi ya Tanganyika aliambiwa achukue waya wa shaba frasila kumi, yaani ratili 350. Na akaeleza kwamba shanga ni kama sarafu ndogo, nguo ni fedha, na waya ni dhahabu.

Lakini fedha ya namna hii ina tabia ambayo noti na sarafu hazina: ni nzito, na anayeibeba hula. Mizigo ya Stanley ilifikia ratili 11,000 hivi. Mtu hawezi kubeba zaidi ya ratili 70. Kwa hiyo walitakiwa wapagazi karibu 160, ilhali posho ilikuwa imekadiriwa kwa watu mia moja. Kila mpagazi aliyeongezwa aliongeza posho, kila posho iliongeza nguo, na kila nguo ilitaka bega. Msafara ulipokamilika ulikuwa na nafsi 192, ukagawanywa katika vikosi vitano ili usimalize chakula cha vijiji kwa wakati mmoja. Kikosi cha mwisho, cha Stanley mwenyewe, kiliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871.

Wenyeji wa biashara hiyo waliukabili ugumu huu kwa njia nyingine, nayo ni mkopo. Mfanyabiashara wa bara hakununua vitu kwa fedha yake. Alivichukua kwa tajiri wa Kihindi mjini Unguja, kama Tarya Topan au Ladha Damji, akalipa baada ya miaka kwa pembe za ndovu. Katika Kiswahili cha biashara hiyo, tajiri si mwenye mali tu bali ni mwenye kumkopesha msafiri. Ushahidi bora wa jambo hili ni kitabu ambacho wanafunzi wengi wa Kiswahili hukisoma kwa ajili ya lugha yake na kuliacha daftari lililomo: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyotolewa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Humo msomaji hukutana kila mara na madeni, bei na frasila za pembe. Vita na mashambulio husimuliwa kwa pumzi hiyo hiyo, kana kwamba ni vifungu vya matumizi na mapato, na kwa watu wa Maniema hivyo ndivyo vilivyokuwa.

Kifungu kilichoharibu hesabu nyingi ni hongo. Ugogo ni nchi kavu. Mwenye visima alikuwa na haki ya kumtoza apitaye, na mtozaji wa pili alikuwa mwendo wa siku moja mbele. Zaidi ya hapo ilikuwako Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lisilo na soko, ambamo nguo haikununua kitu na nafaka ilipaswa kubebwa. Wageni waliiita hongo unyang’anyi. Hukumu hiyo haistahili kurudiwa bila kufikiri: msafara wa watu mia mbili ulikunywa maji na kula chakula cha mwaka mbaya kama cha mwaka mwema, nao watawala walijua kwamba nguo hutangulia bunduki. Huko Uha, mwishoni mwa 1871, Stanley alitozwa mara mbili mfululizo. Alipoarifiwa kwamba mbele wako wakuu watano zaidi, alipiga hesabu ya nguo zilizobaki, akaajiri kiongozi, akaondoka usiku kupitia porini hadi alipokaribia Ujiji.

Huko Ujiji alimkuta Livingstone hana kitu. Vitu vilivyotumwa kwake kutoka Unguja vilikuwa vimekabidhiwa kwa mtu aliyeitwa Sherif, naye alivimaliza kwa kuviuza, akidai kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kuambiwa kuwa mzee amekwisha kufa. Bajeti ya Livingstone ilikuwa imekadiriwa vizuri. Ilikosa mwaminifu wa kuilinda.

Mwaka 1874 alipita Verney Lovett Cameron, ambaye kitabu chake kina kisa kinachorudiwa hata leo na walimu wa uchumi. Alitaka mashua huko Kawele, mjini Ujiji. Wakala wa Said bin Habib alitaka alipwe kwa pembe, na Cameron hakuwa nazo. Muhammad bin Salib alikuwa na pembe, akataka nguo. Cameron hakuwa na nguo. Muhammad bin Gharib alikuwa na nguo, akataka waya. Na waya Cameron alikuwa nao. Waya ukaenda kwa bin Gharib, nguo zikaenda kwa bin Salib, pembe zikaenda kwa wakala, na mashua ikapatikana. Walimu hukitaja kisa hiki kuonyesha taabu ya biashara isiyo na sarafu. Chaweza kusomwa kinyume pia: katika mji mdogo wa ziwani, watu wanne walikamilisha malipo ambayo mgeni hakuyaandaa, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake ana nini na anahitaji nini.

Alipofika Nyangwe, juu ya mto Lualaba, mwezi wa Agosti mwaka huo, ujuzi kama huo haukumsaidia. Soko la Nyangwe lilikuwa kubwa, na wanawake wa pande zote za mto walikutana humo kuuza samaki, unga na vyungu. Livingstone aliliona likishambuliwa na watu wa wafanyabiashara tarehe 15 Julai 1871, watu wengi wakauawa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Cameron alitaka mitumbwi ili aufuate mto hadi baharini. Wenye mitumbwi walitaka kulipwa watumwa. Kauri walizikataa, kwa hoja kwamba kauri zikiwekwa zimelala tu, lakini mtumwa huanza kazi siku ile ile. Cameron hakukubali, na mitumbwi hakuipata. Aligeukia kusini pamoja na Tippu Tip, akapita Urua, alikokaribishwa na Juma Merikani, akatokea pwani ya Atlantiki mnamo Novemba 1875.

Ni hapo Nyangwe ambapo maana ya hesabu yote hudhihirika. Tangu Bagamoyo, bidhaa ilipanda thamani kwa kadiri ilivyobebwa mbali, hadi ikafika mahali ambapo kilichohitajika hakikuweza kubebwa, kwa kuwa kilikuwa mbebaji mwenyewe. Mfanyabiashara aliyekuwa na bunduki aliziba upungufu wa nguo zake kwa watu wa vijiji vya Maniema: waliotekwa walibeba pembe, hawakudai ujira, na wenyewe waliuzwa mwisho wa njia. Katika daftari la Unguja watu hao hawakuonekana kama gharama.

Wapagazi wa kuajiriwa walionekana, lakini nao walikuwa wa kwanza kupunguziwa hesabu ilipokosea. Burton alianza safari ya 1857–1859 akiwa na ruzuku ya pauni 1,000, kiasi kisichotosha hata kidogo. Aliporudi pwani alikataa kuwapa baadhi ya watu wake malipo waliyodai kuwa waliahidiwa, kwa sababu, alisema, hawakutimiza kazi. Balozi wa Uingereza mjini Unguja, Rigby, aliwatetea kwa barua kwa wakubwa wake. Burton alizichapa barua za ugomvi huo mwishoni mwa kitabu chake, kwa hiyo hoja za pande zote mbili zaweza kusomwa. Ushuhuda wa wapagazi wenyewe haumo.

Mwaka 1876 Stanley alikuwa safarini tena, naye alikuwa amejifunza kukadiria kwa mwendo badala ya siku. Alipatana na Tippu Tip kwamba amsindikize toka Nyangwe kwa miendo sitini, kila mwendo saa nne, kwa dola 5,000. Waliondoka tarehe 5 Novemba. Msitu uliwachosha, ndui na njaa vikawaingia, na mwisho wa Desemba, huko Vinya-Njara, mapatano yalivunjwa kabla ya miendo kutimia. Stanley na Tippu Tip kila mmoja aliandika habari za malipo hayo, na maandishi yao hayapatani. Wengine wote waliotembea hawakuandika.

Majina ya baadhi yao yamehifadhiwa hata hivyo, kwa sababu mishahara yao ilikuwa haijalipwa. Stanley aliwarudisha waliosalia Unguja mwishoni mwa Novemba 1877, na mwishoni mwa kitabu chake iko orodha ya waliokufa. Siku chache zilitumika kuwalipa walio hai. Kisha wakaja jamaa za wafu kudai ujira wa ndugu zao, na kwa kuwa wadai wa uongo walikuwa wengi, kila mmoja alitakiwa kuleta mashahidi wa kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa wake.